Umekula, Mwanangu?

Tunapoambiwa wengi wape, haina maana kwamba wengi hawakosei. Maana yake ni kwamba kilio cha wengi hakikosi sababu. Mbunifu mmoja wa programu ya simu alilielewa hilo kwa kuchelewa.

Ni yeye aliyeondoa picha za watu kwenye orodha ya kupigia simu, akabakiza majina matupu. Ukurasa ukawa safi kama sahani iliyooshwa. Wateja wakaja juu. "Turudishieni picha zetu!" waliandika kwa maelfu, na wengine wakahama kabisa.

"Wengi wape," mkurugenzi alimshauri.

"Watazoea tu, bosi. Nipe muda."

Kichwa kigumu hicho, na kazi ya mikono yake aliipenda mno.

Siku hizo hizo mama yake aliacha kumpigia. Zamani haikupita asubuhi bila kumwuliza, "Umekula, mwanangu?" Sasa kimya. Mbunifu alidhani amemuudhi, akaogopa hata kupiga. Moyo ulipomlemea, alifunga safari kwenda kumwomba radhi.

Alimkuta jikoni, simu sikioni.

"Bado hujala? Hebu kale kwanza, mabomba yatakungoja."

"Mama, unaongea na nani?"

"Na fundi bomba."

Mama hakujua kusoma. Miaka yote alikuwa akigusa uso wa mwanawe. Uso ulipotoweka aligusa pale pale ulipokuwa, lakini majina yalikuwa yamesogea, na simu ikamwendea fundi aliyewahi kumzibia bomba.

"Kwani hukusikia kwamba si mimi?"

"Nilisikia. Lakini naye alikuwa hajala." Mama aliinamisha kichwa. "Wewe nilikutafuta kila siku, baba. Sikukuona humu. Na kumwomba jirani anisomee, niliona haya."

Machozi yalimlengalenga mbunifu. Wale maelfu aliowaona wakorofi, kumbe kila mmoja alikuwa na uso anaoutafuta. Hapo hapo alimpigia mkurugenzi.

"Bosi, tuzirudishe. Nimekosea."

Kampuni iliwaomba wateja radhi, picha zikarudi. Kesho yake mbunifu aliamshwa na simu.

"Nimekuona!" mama alipaza sauti kwa furaha. "Mbona umekonda hivyo?"

"Mama, hiyo picha ni ya zamani."

"Basi kale."

Mbunifu alicheka huku akifuta macho, akaenda kula. Kweli, wengi wape, kwani huenda mama yako ni mmoja wao.