Kafara ya Lawan

Ukali wa sheria hutupendeza sana maadamu unamwangukia jirani. Ukigeuka na kutuelekea sisi, ndipo tunapokumbuka kwamba huruma nayo ni sehemu ya dini. Wahenga walilijua hilo waliposema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Katika mji wetu, si mbali na Katsina, kadhi alikuwa Alkali Mudi. Alikuwa na elimu, hakula rushwa, lakini alikuwa mkavu kama ukuni. Siku moja aliletewa kesi ya Kande, muuza kosai, zile bajia za kunde. Mumewe, Gambo, aligombana na shemeji yake, akaapa kwamba Kande akisema tena na kaka yake, basi talaka tatu. Mama yao alipofariki, Kande alimpa kaka yake pole msibani.

"Nilitaka kumtisha tu, Alkali," Gambo alisema huku akilia. "Mke wangu nampenda."

"Kwani ulimi ulikuwa wa nani?" Alkali alimuuliza. "Sharti limetimia. Ameachika."

Naibu wake, Malam Tukur, alimnong'oneza kwamba wapo wanazuoni wanaosema kiapo cha kutisha hulipiwa kafara: hulishwa maskini, na ndoa ikabaki.

"Hayo kawaambie wapenda njia za mkato," Alkali alijibu, wala hakumtazama.

Mwaka uliofuata, Lawan, muuza ngozi aliyemwoa binti wa kwanza wa Alkali, alichoshwa na safari za mkewe za kwenda kwao. Akaapa mbele ya majirani kwamba akikanyaga kwa baba yake kabla ya Idi, talaka tatu. Haukupita muda, mama mtu akaanguka uani, akapooza upande mmoja. Binti alipopata habari alimfunga mtoto mgongoni akakimbia. Alipokikumbuka kile kiapo, alikuwa ameshapiga magoti kando ya mama yake.

Siku ya kesi mahakama ilifurika. Wengine walikuja kwa huruma, wengi walikuja kutazama mbuzi wa kadhi akichinjwa kwa kisu cha kadhi. Kwa kuwa kadhi haruhusiwi kumhukumia mwanawe kwa manufaa yake, Alkali alimwachia Tukur kiti, akaketi mkekani penye wenye kesi.

"Nani anamsemea mke?" Tukur aliuliza.

"Mimi, baba yake."

"Mtaje jina."

Kwetu mzazi huona haya kulitaja jina la mtoto wake wa kwanza, na Alkali hakuwahi kulitaja mbele za watu.

"Zulai," alisema. Binti yake aliinua uso akamtazama kwa mshangao.

Lawan aliapa kwamba hakukusudia kumwacha mkewe. Tukur akamgeukia mkubwa wake.

"Baba, kauli ni mbili, na zote unazijua kuliko mimi. Nihukumu kwa ipi? Ile ya Kande, au ya kafara?"

Alkali alimtazama mjukuu wake aliyekuwa akinyonya.

"Ya kafara," alisema.

"Kwa nini?"

"Alitaka kutisha tu. Na wana mtoto."

"Gambo alikuwa na watoto watatu, Baba."

"Najua, Tukur. Najua."

Tukur alihukumu kafara. Lawan alilia kama mtoto, na Zulai akarudi kwake akiwa mke wa mtu. Alkali alishukuru Mungu kwa moyo wake wote, akatoka nje akipangusa macho. Mlangoni alimkuta Kande amechutama kumwamkia, kama ada ilivyo.

"Hongera, Alkali. Binti amepona."

"Kande, mwanangu, kamwite Gambo. Kesi yenu nitaifungua upya."

"Uifungulie wapi? Eda ilipokwisha kaka yangu aliniozesha kwa mume wa Maradi, ng'ambo ya mpaka. Leo nimekuja kuwaona wanangu tu, na jioni narudi." Aliinua macho. "Nilitaka kuuliza, Alkali. Hiyo kafara, siku ya kesi yangu ilikuwa bado haijateremshwa?"

Alkali Mudi, aliyekuwa na jibu la kila swali katika mji ule, alichutama naye pale mlangoni, mbele yake. Hakika, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.