Alama za Gundi Ukutani

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima, aliyepata ruhusa ya kwenda chuo kikuu kuongeza shahada. Darasani kwake alikuwa simba. Chuoni akaambiwa aandike tasnifu, akageuka kifaranga.

Msimamizi wake akamwambia, "Mama, anza na mpango."

"Mpango upi, profesa?"

"Wako."

Wako! Hebu niambieni, mtu akikujibu hivyo unafanyaje? Si unachungulia kwa jirani?

Jirani yake hapo bwenini alikuwa kaka mmoja mtanashati, ukuta wake wote umefunikwa karatasi za rangi, njano, kijani, waridi, zimeunganishwa kwa mishale. Mwalimu akasema moyoni, kumbe wasomi ndivyo wanavyofanya! Akakimbilia dukani kununua karatasi na gundi. Alipoanza kubandika akakuta ukuta wake una alama za gundi ya zamani. Hakujali. Akabandika juu yake.

Miezi ikaenda. Ukuta ukapendeza kama darasa la chekechea. Na tasnifu? Hata sentensi moja! Kila akikaa aandike, anainuka kuhamisha karatasi ya njano. Mnacheka? Mimi mwenzenu nimeburuta mabegi nchi za watu kusaka elimu, na bado mahubiri haya nimeyaandika nyuma ya bahasha. Mwacheni mama wa watu.

Msimamizi akachoka. "Ijumaa nataka sura ya kwanza mezani. La sivyo, mama, uahirishe masomo, urudi nyumbani."

Nyumbani! Ambako mumewe ameshatangazia mtaa mzima, na wanafunzi wake walimwimbia wimbo wa kumuaga?

Alhamisi mchana akagonga kwa jirani, karatasi ya kijani mkononi.

"Kaka, samahani. Hii ya kijani kwako inakaa wapi?"

"Dada yangu, hata mimi sijui."

"Hujui? Si mpango wako?"

"Niliiga. Kuna kaka alikuwa na ukuta mzuri kuliko wangu."

"Naye alimaliza?"

Jirani akatazama sakafu. "Aliahirisha. Wewe ndiye unayekaa chumba chake."

Jamani! Zile alama za gundi!

Mwalimu akawaka. "Yaani muda wote huu namfuata mtu aliyepotea?"

"Dada, tulia. Kwani wewe ulitaka kuandika nini?"

"Nini! Nataka kusema hawa watoto wa darasa la tatu si wajinga! Wakikaa wawili wawili wanasoma vizuri, na sisi tunawachapa eti wananong'onezana!" Akamwaga yote pale mlangoni, mkono hewani kana kwamba umeshika chaki.

Jirani akanyoosha kidole. "Mwalimu, hapo mwisho sijaelewa."

Akarudia, safari hii kwa mifano. Halafu ghafla akang'amua. Maisha yake yote mawazo yalimjia akiwa amesimama mbele ya mtu asiyeelewa. Hakuwa mtu wa kupanga ndipo aseme. Alikuwa mtu wa kusema, ndipo mpango ujitokeze. Akarudi chumbani, akabandua karatasi zote, na nyuma ya karatasi hizo akaandika maneno yaleyale aliyomfokea jirani.

Ijumaa msimamizi akasoma, uso umekunjamana. "Mama, hii imepinda. Mwisho umekaa mwanzo." Akafunua ukurasa wa pili. "Ila leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia wewe. Vuta kiti tuinyooshe."

Sasa sisi! Tunaomba kwa sauti ya mhubiri wa redioni, hadi kikohozi chake tunakohoa. Tunalea watoto kwa mpango wa nyumba ya pili. Halafu tunamuuliza Mungu mbona kurasa zetu ni tupu! Kwani alipofika kwako udongo ulikuwa umemwishia, akaamua kukunakili kutoka kwa mwenzako? Nimechoka nanyi, na mimi mwenyewe nimejichosha!

Ukifika nyumbani leo, kabla hujabandika tena, pitisha kiganja ukutani. Ukigusa gundi ya zamani, uliza: mwenye gundi hii, alifika?