Chai ya Mkaguzi

Daktari Shekiondo alikuwa amewafungua vinywa watu wa mji mzima, na hakuna aliyethubutu kumfungua yeye. Siku hiyo akaja Bi Mwanamkuu, mkaguzi wa kliniki za meno, mwanamke mdogo kama pilipili kichaa.

"Saini hapa, mama. Vifaa vyote vimechemshwa alfajiri."

"Nikione kwanza hicho kichemshio."

"Kiko chumba cha ndani, na ufunguo umepotea. Utanibishia mimi?"

"Nani akubishie, baba? Nitasaini. Ila mgeni hasaini koo likiwa kavu."

Daktari akacheka, akaagiza chai. Vikaja vikombe viwili, kijiko na kopo la sukari. Daktari akageuka kutafuta kalamu, na alipogeuka tena kijiko hakikuwepo.

"Tusisumbue watu," Bi Mwanamkuu alisema. Akachukua kikwangulio cha meno kwenye sinia iliyoandikwa SAFI, akakoroga kikombe cha daktari taratibu, akamsogezea. "Karibu."

Daktari aliruka. "Sinywi! Hicho kimetoka kinywani mwa Mzee Mbelwa sasa hivi!"

Bi Mwanamkuu akavuta fomu. "Rudia polepole, niandike," alisema, akatoa kijiko kile mkobani mwake na kukoroga chai yake.