Mganga Aliyeuzushia Mti Wake Shetani

Isome mpaka mwisho kabla hujamtumia mwenzako, na usitegemee kucheka.

Huko milimani aliishi mganga mmoja, Kupaza, aliyesifika kwa kuponya degedege. Dawa yake ilikuwa ganda la mti uliobaki mmoja tu msitu mzima. Alilitwanga likawa unga, akalichanganya na majivu ili hata mwenye pua kali asilijue. Na watu wasije wakamfuata huko, akazusha kwamba mti ule una shetani anayekamata watoto. Wakaukwepa wote. Kupaza akacheka moyoni, maana sifa zilibaki zake peke yake.

Siku moja akaja mtafiti wa dawa kutoka mjini, Dokta Namsifu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye mimea. Nipe ganda kidogo tu. Tukikijua kinachotibu ndani yake, huenda siku moja tukakitengeneza wenyewe, hata mti ukifa."

Kupaza akaona huyu amekuja kumnyang'anya tonge mdomoni. Akabandua ganda la mkaratusi, akalifunga vizuri, akampa huku anatabasamu. Dokta wa watu akashukuru mpaka akapiga goti. Kule maabara wakalichemsha, wakalichuja, wakalipima weee, hawakuona jipya. Wakaachana nalo.

Masika yakaingia. Mjukuu wa Kupaza, Mashavu, aliyekuwa akimrukia shingoni kila babu akitoka shamba, akashikwa na degedege. Barabara ya hospitali imekatika kwa mvua, na kibuyu cha dawa ni kitupu. Kupaza akachukua panga, akakimbilia msituni, uzee akausahau.

Njiani akakutana na mwanawe Hoza, baba wa mtoto, anarudi na shoka. Amejaa masizi, lakini uso una matumaini.

"Baba, tumeumaliza!"

"Mmemaliza nini?"

"Ule mti wa shetani. Tumeukata, tumeng'oa na mizizi, tukaumwagia mafuta ya taa, tukauchoma. Hakikubaki hata kibanzi. Sasa atamwachia mwanangu."

Kupaza akakaa chini kwenye matope. Aseme nini? Kwamba shetani hakuwepo, ila choyo chake mwenyewe?

"Baba, mbona unalia? Si wewe uliyetuambia?"

Mashavu akazikwa kesho yake. Inauma, jamani.

Kinachouma zaidi ni hiki. Hoza anaamini mwanawe alikufa kwa sababu yeye alichelewa kuuchoma ule mti. Kila akikaa na baba yake hujilaumu, na kumwomba msamaha. Kupaza humwambia, "Nimekusamehe, mwanangu," kisha huinuka akaenda nyuma ya nyumba. Ukweli hajausema mpaka leo.

Funzo: Ujuzi unaoponya watu usiufiche ili usifiwe peke yako. Mfundishe mwenzako ungali hai, maana siku ukiuhitaji wewe, uongo ulioutumia kuuficha unaweza kuwa umeshaumaliza, na hakuna wa kukurudishia.