Kuba Linalomwita Aisulu

Zamani, katika nyika hii, kila kaburi la mtu wa heshima liliandikwa kutoka kizingitini hadi kubani, na kilichokuwa kigumu kupatikana humo ni jina la marehemu. Hili mnaloliona halina hata herufi moja, na sababu yake ni binti mmoja.

Msafara wa Amiri ulipotea katika tufani ya mchanga. Aisulu, binti wa mwashi Bektur, alisimama kisimani akaita kutwa nzima, "Huku! Huku!", mpaka ngamia wa mwisho akafika kwa kuifuata sauti yake. Juu ya ngamia huyo alikuwa Amiri mwenyewe. Watu wote walipona ila Aisulu: vumbi alilomeza lilimuua siku ya tatu.

Amiri akaamuru ajengewe kaburi, na kazi akapewa baba yake. Bektur aliomba jambo moja tu, jina la mwanawe juu ya mlango. Diwani, ofisi ya makatibu wa Amiri, ikaleta maandishi yake: vyeo arobaini na kimoja vya Amiri, vikifuatwa na vya waziri, na vya msimamizi wa matofali.

"Na Aisulu?"

"Nafasi ikibaki, fundi," katibu akajibu.

Haikubaki. Kibali cha kuni za kuchomea nacho kilitaja matofali ya ukuta, ya maandishi hakikuyataja. Basi vyeo vikabandikwa vibichi, udongo usiochomwa, kibali kikisubiriwa. Bektur hakubishana. Alichonga matofali ya ukuta, nyota na mawimbi na maua, akayachoma mpaka yakigongwa yanalia. Kisha akapanda kujenga kuba. Kila safu aliyoimaliza aliliita jina la mwanawe, akasikiliza mwangwi, akabomoa, akajenga upya.

Mvua ya kwanza ikateremsha vyeo vyote mtaroni, vya msimamizi vikitangulia. Amiri akaja amefura, akaapa kumkata mwashi mikono.

"Jina langu liko wapi?"

"Matopeni, Mtukufu," Bektur akajibu. "Kibali bado."

Amiri akaingia ndani, akavitaja vyeo vyake mwenyewe kwa sauti kuu. Kuba likavivuruga, ukabaki mngurumo mtupu. Ulipotulia, Bektur akasema taratibu, "Aisulu."

Kuba likalipokea jina, likalizungusha, likalirudisha safi mara saba. Na ile ya saba haikuwa tena sauti ya mzee. Amiri aliijua. Aliwahi kuifuata.

Akavua kilemba. "Liacheni kama lilivyo," akasema, na mikono ya mwashi ikabaki mahali pake.

Na tangu siku hiyo hakuna aliyeandika chochote humu. Mgeni huingia, husimama katikati, hulitaja jina, husubiri. Na Amiri je? Nimewauliza wazee wote wa nyika hii. Vyeo wanakumbuka vilikuwa arobaini na kimoja. Jina lake hakuna alijuaye.