Sabuni kwenye Kifuniko cha Tangi

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi yenu mliiona, kulitokea jambo ambalo mpaka leo sijalifumbua. Pengine nyinyi mtanisaidia.

Somoe alishikwa na uchungu mto ukiwa umefurika, na zahanati ilikuwa ng'ambo. Wakampakia kwenye boti ya Mkwepu, pamoja na Nyangalio, kaka yake Somoe, na mama mkwe wake, Bi Sikudhani. Katikati ya mto injini ikakohoa, ikazima. Mkwepu akavuta kamba. Ikawaka, ikazima tena. Maji yakaanza kuwateremsha kwenye kundi la viboko.

Nyangalio akayadaka matete, akayang'ang'ania mpaka viganja vikachanika. Mkwepu akatazama chujio: safi. Akatikisa tangi: petroli imo. Akachomoa mpira wa kupitishia petroli, akaunyonya mpaka akatapika, na bado yalikuja matone tu. Kiboko mmoja akazama. Hawakujua ataibukia wapi.

Kwa nini injini inazima, Bi Sikudhani peke yake alijua. Asubuhi ile, akihofia mvua isije ikaingia kwenye petroli, alikiziba kwa sabuni kile kitundu cha kifuniko cha tangi kinachoingiza hewa ili petroli ishuke. Alidhani anasaidia. Mjukuu wake wa kwanza alifia tumboni, na kijiji kilinong'ona kwamba yeye ndiye aliyemroga. Akisema, watasema ni mchawi kweli. Akinyamaza, je?

Somoe akamshika mkono. "Mama, usiniache."

"Mkwepu," akasema Bi Sikudhani, "fungua kifuniko. Kitundu nimekiziba mimi."

Kifuniko kilipolegezwa, tangi likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Petroli ikashuka, injini ikanguruma, na mtoto akazaliwa zahanati akilia.

Desturi ya pale, mtoto aliyevushwa mto akiwa tumboni hupewa jina na aliyemvusha. Siku ya kumtoa nje, Mkwepu akasema, "Injini niliiwasha mimi, tena petroli nimeinywa."

Nyangalio akaonyesha viganja. "Bila hivi ungemwashia nani? Viboko?"

Watu wakacheka. Bi Sikudhani, karibu na mlango, hakudai kitu. Wengine walimsemea kwamba bila neno lake wote wangeangamia. Wengine wakajibu kwamba bila sabuni yake wasingekwama.

Wazee wakaamua Somoe achague. Somoe akainuka, akamlaza mwanawe mapajani mwa mkwewe, asiseme sababu. Mkwepu akavaa kofia yake, akatoka.

Nanyi mnaosikiliza: je, nani alistahili kumpa jina mtoto yule?