Gari Alilolichagua Shemeji

Mhando alikuwa na magari yake matatu, lakini kila Jumamosi alilichukua la mdogo wake na kulirudisha limejaa matope, tenki kavu. Lilipomfia mikononi, akatangaza, "Mkinunua jingine, ufunguo mmoja nakaa nao mimi. Mimi ndiye mkubwa."

Mdogo wake akanywea. Mkewe, Sikudhani, akaitikia, "Haki yako, shemeji. Tena twende ukatuchagulie mwenyewe, sisi tunajua nini?"

Kwenye yadi ya magari pale Korogwe, Mhando aliyapiga matairi mateke mpaka watu wakakusanyika. Sikudhani akauliza kwa unyenyekevu, "Shemeji, gari la familia lisilosumbua ni la otomatiki au la gia za mkono? Nasikia otomatiki ni za waoga."

"Mwanamume na otomatiki wapi na wapi!" Mhando akanguruma. "Chukueni lile jeupe la gia za mkono. Hilo mtakufa mliache!"

Watu wakampigia makofi.

Jumamosi akaja na ufunguo wake, akaketi, akawasha. Gari likaruka kama chura, likazima. Akawasha tena, likaruka tena. Majirani wakaacha kufua nguo. Mhando akainama kuzitazama zile pedali tatu, yeye aliyezoea mbili tu za otomatiki, jasho likimtoka, kisha akashuka na kumrudishia Sikudhani ufunguo.

"Kiti chenu kinaniumiza mgongo," akasema.

"Pole, shemeji," Sikudhani akamnong'oneza. "Mkeo alishanidokeza zamani kwamba mgongo wako huuma palipo na klachi."